Mhasibu wa Kasoli: mshahara au mhuri?

Msimu wa ununuzi wa pamba unapofunguliwa, Kasoli huona kwa wiki chache fedha ambazo haizioni miezi mingine yote ya mwaka. Malori hupanga foleni kuelekea kinu cha kuchambua pamba, mizani za vyama vya msingi huanza kazi alfajiri, na mwenye duka la mabati, mwenye gesti na muuza baiskeli wote hujua kwamba siku zao zimefika. Katika pilikapilika hizo kuna mtu mmoja anayetafutwa na hapatikani. Si dereva wala kuli. Ni mhasibu mwenye cheti.

Makarani wapo wa kutosha. Kijana wa kidato cha nne anayejua kujumlisha na kuandika stakabadhi bila kufuta hapatikani kwa shida katika wilaya ya Bariadi. Anayekosekana ni yule aliyefaulu mitihani ya mwisho ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), akapata CPA, na kwa hiyo anaweza kufika mahali pa kutia sahihi ambayo benki na Mamlaka ya Mapato vitaiheshimu. Kijana wa namna hiyo akitoka Simiyu, safari yake ya kawaida ni ya upande mmoja: Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam. Hurudi wakati wa sikukuu na misiba.

Wa kumlaumu si yeye. Familia iliyouza ng'ombe ili asome inataka kuona mshahara, tena mapema, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu nayo inasubiri asilimia 15 ya mshahara huo wa msingi kila mwezi. Hata hivyo, ipo hoja kwamba hesabu inayompeleka mjini ina kosa ambalo yeye mwenyewe, kama lingekuwa katika vitabu vya mteja, angelizungushia kalamu nyekundu. Anapima njia za kazi kwa mshahara wa mwezi wa kwanza. Hapimi rasilimali aliyonayo inazaa kiasi gani.

Rasilimali hiyo ni ipi? Ujuzi wa kuandika leja hauwezi kuwa jibu, kwa kuwa wapo wengi wenye stashahada wanaouandika vizuri kuliko yeye, na programu za kompyuta zinaandika haraka kuliko wote. Kinachomtofautisha mwenye CPA ni kwamba akishapata uzoefu unaotambuliwa na kusajiliwa na NBAA kufanya kazi kwa umma, anaruhusiwa kukagua mahesabu ya watu wengine na kuyathibitisha. Mwenye shahada tupu haruhusiwi, hata awe hodari namna gani. Huo ni ukiritimba uliowekwa na sheria. Kijana anayeupata kisha akakaa miaka 30 akiandaa hati za malipo ofisini amefanana na mtu aliyenunua kinu cha pamba akakitumia kama ghala la kuhifadhia magunia.

Ni vyema kukumbuka ukiritimba huo ulitoka wapi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijikuta na mashirika mengi ya umma na wahasibu wazalendo wachache mno. Mwaka 1968 likaundwa Shirika la Ukaguzi wa Hesabu (TAC) kukagua mashirika hayo, na mwaka 1972 ikapitishwa sheria iliyoanzisha NBAA. Mwaka huo huo wa 1972 kilianzishwa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM. Mhasibu wa enzi hizo hakuchagua njia ya kazi, njia ilimchagua. Alimaliza chuo, akapangiwa shirika, akapewa nyumba na, akibahatika, Land Rover. Kwa mtu wa Bariadi, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga, ajira ya heshima ilikuwa ni ya chama kikuu cha ushirika.

Vyama hivyo vilivunjwa mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, na kuanzia msimu wa 1994/95 vikajikuta vinagombea pamba na wanunuzi binafsi. Wengi wanasema vilishindwa na ushindani. Ukweli ni kwamba vilikuwa vimeshindwa zamani, na madaftari yao yangeweza kusema hivyo kama yangefungwa kwa wakati. Chama kisichojua kinadaiwa kiasi gani hakiwezi kujua kimekufa lini. Waswahili walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vyama vikuu vya pamba vilipoteza mali ya wakulima vikiwa na daftari, ila lilikuwa nyuma ya wakati.

Leo mwenye CPA ana njia kadhaa mbele yake. Ya serikali ndiyo inayosifiwa zaidi mezani kwa baba: halmashauri ya wilaya au ya mji, wizara, Mamlaka ya Mapato, au ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Usalama wake haukanushiki, na mafao ya PSSSF yapo mwisho wa safari. Mwenye wadogo watano wanaohitaji ada asione haya kuichukua. Lakini ajue anachouza. Mhuri wake wa ukaguzi utabaki kabatini muda wote atakaokuwa mtumishi, na nafasi ya kupanda cheo itategemea zaidi miaka kuliko kazi.

Njia ya pili ni kampuni za ukaguzi. Kampuni 4 kubwa za kimataifa, yaani PricewaterhouseCoopers, KPMG, Deloitte na Ernst & Young, zote zina ofisi Dar es Salaam, na chini yake zipo kampuni nyingi za wazalendo, baadhi zikiwa Mwanza. Kijana anayeingia huko hulalamika juu ya saa za kazi, na ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, ndani ya miaka mitatu atakuwa ameona vitabu vya benki, vya kiwanda cha samaki, vya shule na vya kampuni ya mafuta. Amejifunza pia jambo ambalo halifundishwi darasani: kumwambia mwenye mali, usoni, kwamba hesabu zake si za kweli.

Njia ya tatu iko Kasoli kwenyewe, ndani ya kinu. Hii inadharauliwa bila sababu. Wengi hudhani mhasibu wa kinu cha pamba ni mtu wa kuhesabu noti za wakulima na kubishana na madereva juu ya posho. Anayefikiri hivyo hajaelewa biashara ya kuchambua pamba. Kinu kinanunua pamba mbegu na kuuza vitu viwili tofauti, nyuzi na mbegu; mbegu nayo ikishinikwa inatoa mafuta na mashudu. Gharama ni moja, bidhaa ni nne. Kugawa gharama hiyo kati ya bidhaa hizo ni kazi inayoweza kumkosesha usingizi hata msomi.

Kuna na suala la uwiano. Kinu kikipokea tani 1,000 za pamba mbegu na kutoa nyuzi 35 kwa kila 100, kinapata tani 350. Uwiano ukishuka hadi 34, zimepotea tani 10 za nyuzi. Zimekwenda wapi? Huenda pamba ilinunuliwa ikiwa na maji au mchanga, na uzito ule haukuwa wa pamba. Huenda meno ya mashine yamechakaa. Huenda pia zilitoka usiku kupitia geti la nyuma. Meneja atakuwa na dhana yake na fundi dhana yake. Mhasibu aliyeoanisha stakabadhi za mizani, taarifa za mashine na hesabu ya marobota ndiye pekee anayeweza kusema ni lipi kati ya hayo. Kwa kazi hiyo mshahara wake hujilipa kabla msimu haujafika katikati.

Kasoro ya njia hii ni kwamba bosi ni mmoja na zao ni moja. Mwaka 2019 ni mfano ambao hakuna mtu wa Simiyu aliyeusahau. Bei dira ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikaporomoka, kwa sehemu kutokana na vita vya biashara kati ya Marekani na China, na wanunuzi wakasita kwa kuwa kila kilo waliyonunua ilikuwa ni hasara waliyoiona waziwazi. Wakulima waliokwisha kupeleka pamba kwenye vyama vyao walisubiri fedha kwa miezi. Msimu uliofuata, wa mwaka 2020, bei dira ilikuwa shilingi 810. Mhasibu ambaye riziki yake yote imefungwa kwenye robota la pamba anapanda na kushuka na bei ambayo hana uwezo wowote juu yake.

Inabaki njia ya nne, ambayo ndiyo yenye hoja nzito kuliko zote, japo haina kitini chuoni: kufungua ofisi yake ya uhasibu na ukaguzi karibu na mizani, mjini Bariadi, akihudumia Kasoli na vituo vingine vya wilaya.

Wenye shaka watauliza wateja watatoka wapi. Swali ni la haki. Tangu mwaka 2018 pamba inanunuliwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na ukaguzi wa vyama hivyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya COASCO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo asiyejua mazingira atadhani mlango huo umefungwa. Haujafungwa. Mkaguzi hukagua vitabu vilivyopo, na tatizo la vyama vingi ni kwamba akifika hakuta vitabu bali mfuko wa salfeti uliojaa stakabadhi. Kuandaa mahesabu ya mwaka kabla mkaguzi hajafika ni kazi halali, inalipwa, na AMCOS moja haina haja ya kuajiri mhasibu wa kudumu ili kuipata. Inatosha vyama sita au saba vichangie mtu mmoja. Ila sharti moja la taaluma halina mjadala: aliyeandaa vitabu hawezi kuwa ndiye anayevikagua. Atachagua, kwa kila mteja, avae kofia ipi.

Nje ya ushirika kuna wenye malori, vituo vya mafuta, shule binafsi, maduka ya pembejeo, wanunuzi wa dengu na choroko, na wafanyabiashara wa mifugo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha kutoka shilingi milioni 20 hadi milioni 100 kiwango cha mauzo ya mwaka ambacho mfanyabiashara binafsi akiwa chini yake hulipa kodi kwa makadirio bila kudaiwa mahesabu yaliyothibitishwa. Wapo waliosema hapo kwamba soko la mkaguzi mdogo limekwisha. Walikosea kidogo. Milioni 100 ni nyingi kwa muuza nguo, lakini kwa bei ya mwaka 2019 lori moja la tani 10 za pamba lilikuwa na mzigo wa shilingi milioni 12. Malori tisa tu yanatosha kumvusha mtu mstari. Mwenye kununua mazao kwa malori huwa mlipa kodi wa kawaida bila kujijua, na hugundua hivyo siku ya barua.

Jambo kubwa zaidi ni mkopo. Mfanyabiashara wa Kasoli analalamika kwamba benki haimwamini, na benki inalalamika kwamba haimjui. Wote wawili wanasema kweli. Mtu anazungusha fedha nyingi kila msimu, lakini akiulizwa faida ya mwaka jana anaonyesha nyumba aliyojenga na ng'ombe aliowaongeza. Afisa mikopo hana safu ya kuandika ng'ombe katika fomu yake. Mahesabu ya miaka miwili mitatu yaliyothibitishwa yangemshusha mtu huyo kutoka kwenye mkopo wa riba ya mwezi wa watu binafsi, ambao ni sawa na kunywa maji ya chumvi, hadi kwenye mkopo wa benki wenye riba ya mwaka. Tofauti ya riba ya msimu mmoja peke yake inaweza kuzidi ada ya mhasibu.

Hapa ndipo linapokuja jambo ambalo vijana wenye CPA hulizungumza kwa sauti ya chini. Mfanyabiashara anayefika ofisini mara nyingi haji kutafuta ukweli. Anakuja na daftari tatu, au anataka atengenezewe tatu: moja ya Mamlaka ya Mapato inayoonyesha hasara, moja ya benki inayoonyesha faida nono, na ya tatu, iliyo ndani ya kichwa chake au chini ya godoro, ambayo ndiyo yenyewe. Anataka mhuri kwenye mbili za kwanza. Na katika kituo kidogo, ambako mteja huyo ni jirani, ni mfadhili wa harusi na pengine ni mjomba, kumkatalia kunagharimu kuliko kumkatalia mgeni wa mjini.

Wanaoshauri kwamba kijana aanze na kukubali, ajijenge, kisha awe mwaminifu baadaye, wanamshauri auze mtaji. Sahihi ya mkaguzi ina thamani kwa sababu moja tu, kwamba afisa wa benki akiiona haulizi zaidi. Siku afisa huyo akikuta daftari mbili zenye sahihi moja na faida tofauti, ofisi ile imefungwa hata kama mlango wake bado uko wazi, na NBAA nayo ina mamlaka ya kumfuta katika rejesta. Bariadi ina wakopeshaji wachache na wanafahamiana. Habari itakuwa imefika kila kaunta kabla ya chakula cha mchana. Kwa upande mwingine, udogo huo huo unamfaa mwaminifu. Katika Dar es Salaam mkaguzi mpya ni mmoja kati ya mamia na huchukua miaka mingi kujulikana. Katika Bariadi misimu miwili inatosha.

Kwa sababu hiyo hiyo njia ya nne haifai kuwa ya kwanza. Kijana wa miaka 26 aliyepata cheti mwaka huu akifungua ofisi mwaka huu, hata kama sheria ingemruhusu, hana uzito wa kusimama mbele ya mwenye malori sita. Busara ni kupita kwanza kwenye kampuni ya ukaguzi, Mwanza ikiwezekana kuliko Dar es Salaam kwa kuwa wateja wa Mwanza ndio binamu wa wateja wa Simiyu: samaki, pamba, mafuta, usafirishaji. Akae huko misimu mitatu au minne, mshahara uwe mdogo, ajifunze kukataa kwa adabu. Ndipo arudi. Atakayepita kwenye kinu badala yake hajapotea, mradi ahakikishe katika mkataba wake kwamba taarifa za mizani na za mashine zinapita mezani kwake. Akipewa ufunguo wa sefu bila taarifa hizo, ameajiriwa kuwa keshia mwenye jina refu.

Atakaporudi ajiandae pia kwa kalenda ngumu. Kwa biashara nyingi mwaka wa hesabu huishia Desemba, na taarifa ya mwisho ya kodi ya mapato hutakiwa ndani ya miezi sita, maana yake ni mwisho wa Juni. Huo ndio wakati mizani zimeshika kasi na wateja wake wote wako porini wakitafuta mzigo. Hakuna atakayeketi kutafuta stakabadhi za mwaka uliopita huku lori linasubiri. Fedha za wateja nazo hufuata msimu: Agosti watalipa wakicheka, Machi watazima simu. Asiye na akiba ya kuendesha ofisi miezi sita mikavu atajikuta, kabla ya mvua kwisha, akiomba kazi ile ile ya halmashauri aliyoidharau.

Sehemu ya dawa iko kwa wafanyabiashara wenyewe. Wenye malori na wenye maduka ya Kasoli wamezoea kuchangishana kukodi ghala, kukodi walinzi na kutengeneza barabara ya kuingilia mizani. Hawajazoea kuchangishana kumkodi mhasibu. Watu wanane wakikubaliana kulipa kidogo kila mwezi, badala ya kusubiri kulipa kwa mkupuo siku benki au Mamlaka ya Mapato inapowabana, wanamwezesha kijana mmoja kuishi Bariadi mwaka mzima. Mkataba huo ufanywe mwezi wa Februari, pamba ikiwa bado shambani, kila mtu yupo nyumbani, na stakabadhi za mwaka uliopita hazijaliwa na panya.